Ukelele wa Perere

Perere ni mnyama mdogo wa mitini, lakini huyu mmoja alitingisha msitu miaka thelathini kwa ukelele aliopiga mwisho wa wimbo wake. Sasa alikuwa mzee, na sherehe ya mvua ilikuwa wiki ijayo.

"Ndugu yangu Kasuku," alisema, "jifiche nyuma yangu. Nikifungua mdomo mwishoni, nipigie ule ukelele."

"Mimi hurudia nilichosikia tu, mzee."

"Basi kaa nami hadi siku hiyo, usikie mazoezi."

Siku ya sherehe nyani walijazana hadi matawi yakapinda. Perere aliimba jasho likimtoka. Mwisho ulipofika, akafungua mdomo. Nyuma yake ikatoka sauti yake mwenyewe, wazi kabisa: "Ee Mungu, leo watajua nimekwisha!"

Perere akaomba tawi livunjike, aanguke nalo.

Kisha nyani mmoja mwenye mvi akaupiga ule ukelele, tena vibaya. Wa pili akafuata, halafu wote, mpaka majani yakapukutika.

Perere akamgeukia Kasuku. "Umeniumbua! Wiki nzima hukusikia ukelele hata mmoja?"

"Hukupiga hata mmoja, mzee. Kila ukiukaribia, ulisema hayo maneno ukanyamaza." Kasuku akawatazama nyani, ambao bado walikuwa wanapiga kelele. "Waliokuwa wakifanya mazoezi miaka hiyo thelathini ni wale."