Alama ya Mkanda

"Msiiguse hiyo alama," mjane alisema, akalichukua beseni la maji ya moto mikononi mwa mama mkwe wake na kulirudisha jikoni.

Mama mkwe alibaki ameduwaa na kitambaa mkononi. Mwanawe mdogo alikuwa ameketi kitandani kifua wazi. Kuanzia bega la kulia, kukatiza kifuani hadi nyonga ya kushoto, damu ilikuwa imevia kwa mstari mpana, mweusi kama masizi. Hapo ndipo mkanda ulipomshika gari lilipobingirika. Yeye alipona. Kaka yake, mume wa mjane, tayari alikuwa kaburini.

"Mtoto havuti pumzi bila kuugulia, nawe unamnyima kukandwa?" mama mkwe aling'aka.

"Avumilie, mama. Mtu wa bima anakuja. Akikuta ngozi imepona, atasema hakuumia."

Shujaa alicheka, kisha akajishika mbavu. "Mwache, mama. Shemeji ana akili. Fidia yangu ndiyo hii, halafu wewe unataka kuifuta kwa maji ya moto?"

Shujaa ndilo jina alilopewa na majirani. Wasamaria walioikimbilia ajali waliwakuta ndugu wawili hao nje ya gari, kwenye nyasi, yeye akiwa amempakata kaka yake anayekata roho. Alikuwa amemvuta nje kwa mikono yake mwenyewe. Akawasimulia huku analia: kaka ndiye aliyekuwa anaendesha, alimsihi apunguze mwendo, kaka akaweka pamba masikioni.

Habari ikaenea mji mzima. Siku moja watoto wa marehemu walirudi shuleni wameinamisha vichwa. Wenzao walikuwa wamewaambia kwamba baba yao alijiua mwenyewe kwa kiherehere cha mwendo. Maneno hayo yalimchoma mjane kuliko siku ya mazishi. Kwenye simu, mtu wa bima naye alishamweleza bila kuzunguka: abiria atalipwa, ila dereva aliyesababisha ajali haambulii kitu, wala wanawe.

Tangu hapo nyumba ikawa nzito. Mjane alimfulia shemeji yake, alimpelekea chakula kitandani, alimshika mkono akitaka kuinuka. Na kila asubuhi alimfungua shati, akaitazama ile alama bila kuigusa, kisha akarudisha vifungo kimoja kimoja. Weusi uligeuka zambarau. Zambarau nayo ikaanza kuwa kijani pembeni. Mtu wa bima akapiga simu kuahirisha, akaahirisha tena, na mjane akabaki ameshika simu.

"Shemeji, unanikagua kama daktari," Shujaa alimtania.

"Naogopa isije ikafutika kabla hajaiona."

Alikuwa anaogopa kweli. Usingizi ulimpaa.

Mama mkwe naye akaanza kumwogopa yeye. "Huyu mwanamke halii," alimnong'oneza jirani uani. "Kamzika mume, na chozi lake hatujaliona." Kweli hawakuliona. Alilia siku ile alipomwosha mumewe, mlango umefungwa, baada ya kukataa msaada wa mtu yeyote. Alipoufungua mlango, macho yalikuwa makavu, na yamekuwa hivyo mpaka leo.

Hatimaye mtu wa bima akafika, mtu mnene, mpole, anayejifuta jasho kila baada ya neno.

"Ulikaa wapi siku hiyo?"

"Mbele, kushoto. Pembeni ya marehemu kaka."

"Na mkanda ulifunga?"

Shujaa akalifungua shati kwa mbwembwe. "Huo hapo, jionee."

Mgeni akatikisa kichwa kwa huruma, akapiga picha, akaanza kufunga mkoba wake.

"Picha ya kitandani haitoshi," mjane alisema kutoka mlangoni. "Gari lako si lipo hapo nje? Mkalishe alipokaa, umfunge mkanda, ndipo umpige picha. Wakubwa wako waone mkanda ulivyomkata."

"Shemeji bwana!" Shujaa alicheka. "Unataka wanilipe mpaka wafilisike."

Akatoka mwenyewe, anachechemea, kifua wazi. Majirani wakasogea kutazama. Mama mkwe akamshikia mlango wa gari, naye akaketi kiti cha kushoto, akainua kidevu kama anayepigwa picha ya harusi.

Mtu wa bima akauvuta mkanda. Akaushusha kutoka bega la kushoto, akaubana kiunoni upande wa kulia. Akarudi nyuma hatua moja, akainua simu apige picha.

Akaishusha.

Mkanda ulishuka upande mmoja na ile alama ya kijani ikashuka upande mwingine, vikakatana katikati ya kifua. Shujaa akajitazama. Kicheko kikamkauka. Macho ya mtu wa bima yakahamia kwenye kiti cha dereva, kilichokuwa kitupu, na mkanda wake ukining'inia upande wa kulia.

"Mume wangu nilimwosha mwenyewe," mjane alisema. "Alama yake ilipita hapo hapo ulipoupitisha huo mkanda."