Kware na Ngano Iliyoliwa

Zamani wanyama walipokuwa wakilima, Kware aliishi peke yake. Makinda wake walikuwa wamekua wakaenda zao, na jirani pekee aliyekuja kumjulia hali alikuwa Paa.

Mwaka mmoja ukame ulimaliza nyasi zote. Asubuhi moja Kware alikuta ngano yake changa imeliwa, na Paa amesimama katikati ya shamba.

"Nilizidiwa na njaa, bibi," Paa alisema. "Lakini nimekula majani tu, mizizi sikuigusa. Ikipata mvua itachipua."

"Umekula jasho langu," Kware akamjibu. "Nisikuone tena hapa."

Paa akaondoka, akarudi kwake mlimani. Wiki ya pili mvua ikanyesha, na kila mche ukatoa machipukizi matatu. Ngano ilichelewa kidogo kukomaa, lakini masuke yalijaa hata ghala la Kware likafurika. Akapanda mlimani kumwomba jirani yake radhi, akamkuta Kobe tu.

"Paa amehama," Kobe alisema. "Hakusema anakwenda wapi."

Msimu uliofuata Kware alilima shamba kubwa zaidi. Majani yalipokuwa bado laini alikaa ukingoni kila asubuhi, akiitazama njia ya mlimani, mpaka ngano ikatoa masuke bila kuguswa.