Twiga na Mkataba wa Fisi

Wamesimulia waliotutangulia kwamba Twiga, mwanafunzi wa chuo, hakuwa na mpinzani katika mpira wa kikapu. Ndipo Fisi, mwenye timu kubwa, alipomjia na mkataba mrefu.

"Tia sahihi leo, mwanangu, au kesho nafasi nampa Mbuni. Chuo cha nini kwa mwenye shingo kama hiyo?"

Twiga aliitamani timu ile kuliko kitu chochote, akaishika kalamu. Hata hivyo akauliza, "Mzee, mkataba mzuri hivi kauandika nani?"

Fisi akavimba kwa fahari. "Binti yangu! Kasomea sheria chuoni miaka minne."

Twiga akaiweka kalamu chini.

"Basi mpe Mbuni, mzee wangu. Mimi nitasaini siku nitakapoweza kubishana na binti yako."