Zamu ya Mlo Mmoja

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aende akauulize mfereji wenyewe.

Katika mji mmoja, haki ya maji ilipimwa kwa chakula. Mwenye zamu alifungulia maji yaingie shambani, akaketi kula, na sahani ikibaki tupu jirani aliyafunga. Ndivyo walivyokubaliana waliouchimba mfereji.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Bibi Nankondo, kibogoyo, na maharage yake yalikuwa yananyauka. Alijipakulia makande, akatia punje moja mdomoni, akaanza kuimumunya. Maji yakafika tuta la kwanza.

Jirani yake Sefania alisimama na jembe begani. "Bibi, nikutafunie?"

"Asante, mjukuu wangu. Mate yako sijayazoea."

"Mahindi yangu yanakauka."

"Nami naogopa kupaliwa. Kaa."

Sefania akakaa. Jua likasogea. Ikabaki punje moja, na tuta la mwisho bado lilikuwa kavu. Bibi aliitazama, akaitia kinywani, akafumba macho kama mtu anayesikiliza mvua. Hakuyafumbua mpaka udongo wa tuta lile ulipobadilika rangi.

Hapo Mbazi, mmoja wa waliokuwa wakinisikiliza, akanikatiza. "Mzee, Nankondo alikuwa bibi yangu. Mpaka anazikwa alikuwa akimenya miwa kwa meno."

Kijiweni kwetu, mwongo akikamatwa hununua kahawa. Nikawanunulia wote. Yangu ilipoa mkononi, nikimwaza yule bibi mwenye meno yake yote, na ile punje moja mdomoni.