Sehemu ya Nne ya Mtu wa Taa

"Kuna mlango upande wa kushoto," Kristiana alisema. "Nenda polepole, Baba. Kuna mtu amesimama."

Yusto akasogeza kidole gumba kwenye pedi ya gemu, uso ameuelekeza mbele. Mbele yake TV ilikuwa nyeusi tii. Haikuwa imewashwa tangu masika.

Presha ya macho ilimpofusha Yusto wakati kibanda chake cha gemu, karibu na stendi ya Sumbawanga, kilikuwa tayari kimekosa wateja. Vijana walikuwa wamehamia kwenye simu. Akarudi nyumbani na mashine moja na gemu moja, Mtu wa Taa, ile ambayo zamani watoto waliigombania hadi kusukumana. Zilitoka sehemu tatu. Ya tatu iliishia msafiri amesimama na taa yake mbele ya daraja, watengenezaji wakaacha, na watu wakasahau. Kristiana hakusahau. Akiwa darasa la tano alikuwa akitolewa kibandani kwa kuvutwa mkono.

Baada ya kumzika mama yake Kristiana, jioni moja Yusto alisema, "Nataka kucheza ile ya taa. Wewe utakuwa macho yangu." Wakawa wanacheza. Kisha Jumapili moja, mzee akiwa kanisani, radi ilipiga, mashine ikatoa moshi. Adolfu fundi aliifungua, akaifunga, akatikisa kichwa.

Kristiana hakuwa na moyo wa kumwambia baba yake. Aliona mzee amebakiwa na hicho tu. Akamwambia spika za TV zimeungua, sauti haitatoka tena, lakini kuna habari njema: sehemu ya nne imetoka, na Adolfu ameshaiweka. Tangu hapo akawa anaitunga mwenyewe.

Ilikuwa inamchosha. Kutwa alishona viroba vya mahindi ghalani, vumbi likimkaba koo. Wenzake walishazoea kwamba hajibu zaidi ya ndiyo na hapana. Jioni, mgongo ukimuuma, alikaa kwenye kigoda na kubuni miji, mito, walinzi wa madaraja. Akili ilikuwa imekauka. Sasa msafiri alikuwa amefika nyumba ya mwanamke mgonjwa wa kifua, na Kristiana hakujua kwa nini alimtia humo.

"Nimeingia," Yusto alisema. "Huyo mwanamke amelala?"

"Alikuwa macho. Msafiri akamshika mkono. Halafu akatoka kwenda kuchota maji, na aliporudi akakuta ameshakwenda."

Vidole vya Yusto vikatulia. "Anajilaumu?"

"Anajilaumu mpaka leo."

"Basi akae hapo kwanza. Sibonyezi kitu."

Kristiana akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akashukuru kwamba baba yake haoni.

Ijumaa akaja Shangazi Leonia, dada yake Yusto, kutoka Wampembe, na mfuko wa dagaa. Kristiana alimwamkia, akamwandalia pa kulala. Asubuhi iliyofuata alitoka kwenda ghalani akiwa ameshaamua: jioni ile msafiri atafika kwao, gemu itakwisha, naye atalala mapema kama watu wengine. Atasema watengenezaji hawatatoa sehemu nyingine.

Lori la mahindi halikutokea, vibarua wakaambiwa warudi. Alipanda kilima cha nyumbani kwao taratibu, upepo wa kipupwe ukimkata masikio, akifikiria maneno ya mwisho ya kumpa baba yake. Alipofika mlangoni alisikia sauti ya shangazi, akasimama.

"Kaka, hii TV hata kwenye umeme haijachomekwa. Mtoto anakudanganya."

"Najua," Yusto alisema. "Jumapili ile nilipotoka kanisani niliipapasa mashine. Baridi kama jiwe, na nyumba nzima inanuka kuungua."

"Sasa unakaaje hapo kila jioni, unabonyeza kitu kilichokufa? Gemu imekuingia kiasi hicho?"

"Gemu sijawahi kuijua, Leonia. Mimi nilikuwa nakodisha tu." Yusto akakohoa kidogo. "Mashine ilipokuwa nzima alikuwa ananiambia kushoto, kulia, basi, anakwenda kulala. Ilipokufa ndipo mwanangu akaanza kuongea."