Fundo la Nguzo ya Tisa

Redio ilisema dhoruba ya theluji ingeufikia mji kabla ya jioni. Wanaume walikuwa wamekwisha kuifunga kamba nguzo kwa nguzo, kutoka kisimani hadi nyumba ya mwisho, ili atakayezidiwa na theluji aishike asije akapotea hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Ilibaki kuikagua. Kwa desturi ya mji, aliyeisuka huifuata yote akiwa amefungwa kitambaa machoni, na aliyeisuka ni Bi Razina.

"Mwaka huu tumwachie mwingine, Bi Razina," mwenyekiti wa mtaa alisema kwa upole. "Macho yako..."

"Macho yangu yamezimika tangu kiangazi. Mikono je? Hicho kitambaa jifunge mwenyewe."

Akaishika kamba, akaenda kichwa juu, bila fimbo, mji mzima ukimtazama. Kwenye nguzo ya tisa, mbele ya duka la mikate, alisimama. Akalipapasa fundo, akalivuta. Likafunguka.

"Hili kalifunga mtu aliyevaa glavu. Nani?"

Mwenyekiti akaziangalia glavu zake.

"Ni mimi, Bi."

"Zivue. Fundo hufungwa kwa vidole vitupu, hata vikiganda."

Akazivua, akalifunga upya. Bi Razina akalivuta mara mbili, akaguna kwa kuridhika, akaendelea na mwendo wake uleule. Theluji ikaanza kuanguka, nguzo ya kumi ikafifia. Nyuma yake mwenyekiti akajifunga kitambaa machoni, akaishika kamba kwa mkono mtupu, akamfuata.