Shuka la Baba Mkwe

Evaline alisimama mlangoni na beseni la maji ya moto, akashindwa kuingia.

Baba mkwe wake alikuwa amelala kitandani, na harufu ilikuwa imejaa chumba kizima. Tangu mzee apate kiharusi, mwanawe ndiye aliyekuwa akimwogesha. Leo mwanawe alikwenda mnadani na ng'ombe, na mvua ikaifunga barabara ya kupanda kijijini kwao Tlawi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Rudi jikoni, mkwe. Nitamsubiri mume wako."

"Hafiki leo, baba. Na nesi alisema kidonda cha mgongoni kisikae na unyevu."

"Nimesema nitamsubiri."

Miaka yote ya ndoa yake, Evaline hakuwahi kumgusa mzee huyu hata mkono. Chakula chake alikiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo mzee akakichukua. Hiyo ndiyo heshima aliyofundishwa.

Beseni lilianza kumuunguza vidole. Akavuka kizingiti, akaliweka sakafuni, akakunja mikono ya sweta, akachovya kitambaa majini.

Mzee akageuzia macho ukutani. Mkono wake mmoja uliobaki na nguvu, wenye kucha nene za njano, ukatambaa kifuani na kushika pindo la shuka. Evaline alidhani analing'ang'ania asifunuliwe. Akasubiri, kitambaa kikidondosha maji.

Taratibu mzee akalivuta shuka juu, mpaka likamfunika uso na kuacha mwili wazi.

"Haya, mwanangu," alisema kutoka chini ya shuka. "Maji yanapoa."